Baraza ya Bi Fundi: Kitabu cha visheti, na ndimu iliyoingia kwenye shira

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Mimi mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, sasa niko Muscat mwaka wa sita. Binti yangu ana miaka minne na Kiswahili anakisikia kwangu tu. Akitoka nje ni Kiarabu, katuni zake ni za Kiingereza. Idi hii nataka nimpe kitabu cha picha nilichokitengeneza mwenyewe, lakini kuchora sijui, hata kuku simuwezi. Nianzie wapi? (Mama wa binti mmoja, Muscat)

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliweka chini kofia niliyokuwa naishona, maana jambo hili ninalo moyoni siku nyingi.

Anzia jikoni. Usitafute hadithi ya simba na sungura, hizo utamsimulia kwa mdomo taa ikishazimwa. Kitabu cha kwanza kiwe cha kitu anachokiona kwa macho yake: mama anapika visheti vya sikukuu, vile vya unga vinavyobonyezwa kwenye uma, vikakaangwa na kuvikwa sukari. Mwanzo upo (unga kwenye sinia), kati ipo (mafuta yanachemka), mwisho upo (mgeni anabisha hodi na sahani iko tayari).

Chukua karatasi nne za A4, zikunje pamoja katikati, unapata kurasa 16. Vitabu vingi vya picha vya dukani vina kurasa 32 kwa sababu mtambo huchapa karatasi kubwa inayokunjwa, na hesabu ya mikunjo ndiyo inayoamua. Kwa mtoto wa miaka minne aliyezoea lugha mbili nyingine, 16 zinatosha. Akikipenda, mwakani mtatengeneza cha karatasi nane.

Kuchora achana nako. Kata na ubandike. Kipande cha kanga iliyochakaa ndiyo nguo ya mama. Mwekee mtoto kiganja juu ya karatasi, uzungushie penseli, ukikate, na huo ndio mkono unaokanda unga. Uma nao uzungushie hivyo hivyo. Sufuria ni duara jeusi. Gundi nunua ile nyeupe ya dukani. Kitabu changu cha kwanza, nilichomtengenezea mjukuu wangu mkubwa, nilikibandika kwa uji wa ngano ili nisitumie pesa. Nilikimaliza Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na Mfunguo Tatu, miezi miwili baadaye, mende walikuwa wameshatoboa kurasa zote za katikati. Mtoto alilia, na mimi nililia naye.

Sasa maneno, na hapa ndipo nataka unisikilize sana. Mtoto wa mbali hakosi "kula", "vaa viatu", "njoo huku". Hayo anayapata kila siku kwa mama mwenye haraka. Anachokosa ni yale maneno madogo yanayokaa mkiani na kukipa Kiswahili ladha yake. Basi yatie humo. Unga mweupe pe. Sufuria nyeusi ti. Makaa mekundu pyu. Sahani imejaa pomoni. Jioni nyumba kimya jii, na mtoto amelala fofofo. Sentensi moja kwa ukurasa, si zaidi. Kila neno la namna hiyo lisome kwa sauti yake: "pyu" uliseme ghafla, "fofofo" ulivute polepole mpaka apige miayo. Siku mbili tatu atakutangulia kulisema kabla hujafika.

Kuna kitu kingine nilichojifunza kwa kusomea watoto barazani. Swali liweke ukurasa wa kulia, jibu lijifiche nyuma yake. "Hodi! Nani yuko mlangoni?" Hapo mkono wa mtoto utakwenda wenyewe kufunua. Ukiweka swali na jibu pande mbili zinazotazamana, macho yake yatakuwa yameshaona, na hamu imekwisha.

Mgongo ushone, usiubane kwa pini za chuma, zina kutu na zinachoma vidole. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Sindano iingie tundu la katikati kwa ndani itokee nje, irudi ndani kwa tundu la juu, iruke katikati iende tundu la chini itoke nje, kisha irudi ndani kwa lile la katikati. Ncha mbili za uzi zikae huku na huku ya ule uzi mrefu, ndipo ufunge fundo. Uzi wa kofia unafaa sana.

Ukitaka kusoma naye vilivyochapwa pia, mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014, umeweka mtandaoni hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na zina ruhusa ya kuchapishwa nyumbani bila malipo. Lakini kile cha visheti kitangulie. Na siku ya kukipika kitabu, kipikeni kweli, yeye akibonyeza unga kwenye uma.

SWALI: Bi Fundi, visheti vyangu vya Idi iliyopita vilikuwa vizuri vikitoka kwenye mafuta, lakini shira haikuganda. Vilinata mpaka vikashikana kama gundi, wageni wakawa wanavibandua. Shira niliipika kama ya kaimati, sukari, maji, hiliki na ndimu. Kosa liko wapi? (Tanga)

JIBU: Umelitaja mwenyewe, bibie. Ni ndimu.

Kaimati tunataka ing'ae, shira ikae majimaji, kwa hiyo tunakamua ndimu, na ule uchachu wake unaizuia sukari kurudi kuwa chenga. Visheti tunataka kinyume chake. Sukari irudi kuwa chenga na ivivike weupe kama chokaa. Kwa hiyo ndimu isiguse kabisa.

Kwa unga nusu kilo mimi naweka sukari vikombe viwili na maji kikombe kimoja. Naichemsha mpaka tone nikilibana kati ya dole gumba na cha shahada (limepoa kwanza kwenye kijiko, usijiunguze) nikivuta linatoa uzi. Hapo natia hiliki, naepua, namimina visheti vilivyokwisha kupoa, kisha nageuza kwa mwiko bila kuacha. Huku kugeuza ndiko watu wengi wanakukatia njiani. Mwanzo vinang'aa, mkono unachoka, unadhani imeshindikana. Halafu mwiko unaanza kuwa mzito, mlio unabadilika, vinakwaruzana kama kokoto, na weupe unatokea ghafla. Ukiona inachelewa, nyunyiza kijiko cha sukari kavu, itaziamsha zile nyingine.

Vikipoa vitie kwenye kopo lenye kifuniko siku hiyo hiyo. Sisi wa pwani hewa yetu ina maji, sukari ikiachwa wazi usiku mmoja inaanza kulowa.

SWALI: Assalaam alaykum Bi Fundi. Nashona kofia za mkono hapa Chake Chake. Ramadhani ikifika kumi la mwisho wateja wananijia wote, na wengine ni ndugu. Nawakataliaje? (Fundi mwenzako)

JIBU: Waalaykum salaam, fundi mwenzangu. Wewe na mimi tunajua kofia ya matundu haishonwi kwa wiki moja. Kila tundu lazima lizungushiwe uzi, na nyingine hukaa mkononi miezi. Mimi sasa napokea kazi za Idi mpaka Rajabu inapoisha. Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani, ikiandama, daftari nimeshalifunga, na kila mtu mtaani kwangu anajua.

Sikuwa hivyo zamani. Mwaka mmoja alinijia mtu tunayeheshimiana, usiku wa kuamkia ishirini na saba, anataka kofia ya mwanawe. Nilikuwa na moja imebaki upande mmoja tu, nikamkubalia. Nilishona mpaka daku, macho yakawa yanaona matundu mawili pasipo na moja. Kesho yake visheti viliungua nikiwa nimesinzia kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, na mjukuu aliyekuja na kitabu chake mkononi nilimwambia "baadaye" mara tatu. Mwenye kofia alifurahi. Lakini ile sura ya mtoto akirudi ndani na kitabu chake, naiona mpaka leo.

Kwa hiyo ndugu mwambie mapema, na umwambie mwezi, si "karibuni". "Lete kabla Rajabu haijaisha, nitakushonea." Akija amechelewa, muoneshe kazi za wengine zilizokungoja, azione kwa macho. Bei ya ndugu kama unataka kumpunguzia, mpunguzie, lakini foleni usimrushe.

Mimi alasiri za Ramadhani sindano naiweka saa kumi. Kuanzia hapo ni jikoni, na mjukuu mdogo anakaa juu ya mkeka na kile kitabu nilichokishona upya, ananisomea mimi: "Sufuria nyeusi ti."