Shahada ya taasisi ya wenyeji Kanada: nani anaidhinisha, nani anasajili?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, mratibu wa programu katika taasisi ya elimu ya juu ya First Nations (wenyeji wa asili wa Kanada) hapa Ontario. Tunaandaa shahada ya ustawi wa jamii. Chuo kikuu kimoja kimetuletea rasimu ya mkataba wa ushirikiano, lakini wakuu wangu wanasema tangu sheria ya 2017 hatuhitaji tena chuo kikuu. Ni kweli? Na wahitimu wetu watasajiliwa?

JIBU: Wakuu wako wamesema kweli, ila ni kweli ya nusu.

Kabla ya Sheria ya Taasisi za Wenyeji ya 2017, taasisi kama yenu zilifundisha, lakini shahada ilitoka kwa chuo mshirika. Sasa baraza la wenyeji wenyewe, IAESC, hukagua taasisi na programu, na mkipita mnatoa shahada kwa jina lenu. FNTI, taasisi ya wenyeji iliyoanzishwa 1985 katika ardhi ya Wamohawk ya Tyendinaga, ilifundisha fani hiyohiyo kwa kushirikiana na Ryerson (leo Toronto Metropolitan), kisha ikafungua shahada yake yenyewe.

Hiyo ni haki ya kutoa shahada tu. Ithibati ya kitaaluma ni jambo jingine, na kwa fani yenu chombo chake ni CASWE, chama cha Kanada cha elimu ya ustawi wa jamii. Usajili wa mhitimu ni jambo la tatu. Nyumbani unalijua hili: TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ikishaidhinisha shahada ya uuguzi, mhitimu bado anapita Baraza la Uuguzi na Ukunga. Msajili wa Ontario, yaani chombo kinachosajili wafanyakazi wa ustawi wa jamii, naye anataka shahada yenye ithibati ya CASWE, au anayoikubali kuwa inalingana nayo. Waandikie CASWE na msajili kabla hamjapokea mwanafunzi hata mmoja, na mdai jibu la maandishi. Jibu la simu halitamsaidia mtu aliyesoma miaka minne.

Sasa mkataba. Mshirika mwenye ithibati ana faida, lakini ithibati yake haihamii kwenu yenyewe kwa sababu tu mmetia saini. Muulizeni: je, CASWE imejulishwa kwamba programu itafundishwa kwenu, na imekubali? Kama hana barua, hana jibu.

Kisha tafuta kipengele cha walimu. Mara nyingi huandikwa kwamba kila mkufunzi ataidhinishwa na idara ya chuo kikuu kwa vigezo vyake. Sentensi hiyo fupi ndiyo inayowatoa wazee darasani. Mzee aliyesuluhisha migogoro ya familia maisha yake yote hana shahada ya uzamili, basi anabaki "mgeni mwalikwa" wa saa moja huku somo la malezi ya kimila likifundishwa na mtu aliyelisoma vitabuni. Msikubali. Andikeni kwamba sifa za wazee zitathibitishwa na baraza lenu la wazee, na kwamba somo linaweza kufundishwa na wawili: mzee, pamoja na mkufunzi mwenye shahada ya fani anayebeba dhamana ya alama. Fanyeni vivyo hivyo kwa mafunzo kwa vitendo, kwa sababu jamii nyingi ndogo hazina msimamizi mwenye shahada ya ustawi wa jamii.

Mtaala pia: nani anaruhusiwa kuubadilisha, na ukiubadilisha, senati yao ina siku ngapi za kujibu? Bila ukomo, karatasi zenu zitakaa mezani mwaka mzima.

Utasikia pia habari za WINHEC, muungano wa dunia wa vyuo vya wenyeji ulioanzishwa 2002. Ithibati yake hupima programu kwa falsafa na taratibu za jamii yenyewe, na mimi naiheshimu sana. Lakini haichukui nafasi ya ile ya CASWE mbele ya msajili.

Ushauri wangu: sainini, lakini kwa muda maalumu. Chuo cha Salish Kootenai kule Montana kilianza 1977 kama tawi la chuo kingine na kufikia 1984 kilikuwa na ithibati yake. Wengine, kama First Nations University of Canada, wamebaki kwenye shirikisho na Chuo Kikuu cha Regina, kinachotoa shahada, na hilo nalo ni chaguo halali. Mkitaka njia ya Montana, kipengele cha kuondoka kiandikwe leo: mitaala na kumbukumbu za wanafunzi zinabaki kwenu, na walioanza chini ya mshirika wanamaliza chini yake hata mkiachana katikati ya muhula.