Kutimiza Miaka 50 Ughaibuni Pamoja na Familia: Usiibebe Sherehe Yote kwa Siku Moja

Mtu anayetimiza miaka 40, 50 au 60 akiwa kwao huwa na kazi ndogo sana ya kufanya, kwa sababu ndugu, majirani na marafiki wa utotoni huwa wamekwisha kuizungumza siku hiyo bila kumshirikisha. Ughaibuni mambo hugeuka. Hakuna dada wa kumpigia mwenzi wako simu kisirisiri, hakuna shangazi anayejua picha zako za utotoni zimo katika kabati lipi, na watoto, hata wakiwa na nia njema kiasi gani, hawajawahi kuona sherehe ya mtu mzima ikiandaliwa, hivyo hawajui pa kuanzia. Mimi nilitimiza miaka 50 nikiwa mbali na nyumbani pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, na ninayoyaandika hapa ndiyo ambayo ningemwambia mdogo wangu yeyote ambaye siku yake inakaribia.

Jambo lenye uzito kuliko yote ni kuyatenganisha makundi matatu ya watu: wanaoishi nawe ndani ya nyumba, waliobaki nyumbani, na wale uliofahamiana nao ugenini. Wengi wetu hutaka kuwakutanisha wote katika jioni moja. Ukumbi uwe umejaa wafanyakazi wenzetu, simu iwe imesimamishwa mezani ili ndugu waone, na watoto wawe wanapita wakigawa vinywaji. Katika sherehe za namna hiyo nilizowahi kuhudhuria, mwenye siku hakuwa na kundi lolote kwa ukamilifu. Akizungumza na mgeni aliye mbele yake anakumbuka kwamba mama anasubiri kwenye simu, na akiishika simu, wageni wanabaki wakitazamana. Ndiyo maana ya kwangu niliigawa mapema: asubuhi ya siku yenyewe ilikuwa ya simu, sehemu iliyobaki ilikuwa ya nyumba yetu, na wageni walikuja Jumamosi iliyofuata.

Kwa watu wa ndani ya nyumba, sema waziwazi unachokitaka, tena miezi miwili kabla. Wapo wanaoona kwamba kujisemea sherehe yako mwenyewe ni kukosa haya, na kwamba anayekupenda anapaswa kukisia. Nyumbani ukisiaji huo husaidiwa na ukoo mzima. Ugenini unaachiwa mwenzi mmoja ambaye naye ni mgeni wa nchi, ana zamu zake kazini, na huenda ana hofu asiyoitamka kwamba hataweza kukufanyia kile ambacho kwenu kingefanyika bila shida. Mume wangu alikuwa amepania kunishtukiza. Nilipopata fununu nilimwomba aache, nikamweleza kwamba nilihitaji mambo mawili tu: asubuhi isiyo na haraka, na baada ya simu, matembezi ya familia nzima mpaka jioni, simu zote zikiwa zimezimwa. Alicheka, kisha akakiri kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa akitafuta ukumbi na hajui hata amuulize nani. Kwa maoni yangu, sherehe ya kushtukiza ni anasa ya watu waliozungukwa na ndugu, na anayeishi mbali hapotezi chochote akiiacha.

Watoto nao wapewe kazi yenye maana, maana kupuliza maputo hakuwafundishi lolote kuhusu mtu wanayemsherehekea. Binti yetu, ambaye ni kijana, alikabidhiwa ratiba ya simu. Mdogo wake alipewa kukusanya sauti: aliwaandikia ndugu zangu, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba wamtumie ujumbe wa sauti wenye kisa kimoja cha wakati mama yake alipokuwa na umri kama wake. Ombi hilo dogo lilizaa matunda kuliko lolote tulilolipanga. Kaka yangu alieleza jinsi nilivyokuwa nikipanda juu ya mti na kunyamaza kimya ili nisitumwe dukani. Mama yangu alianza kwa kukohoa, akauliza mara mbili kama kifaa kinasikia, kisha akasimulia siku niliyopotea sokoni, na katikati ya kisa jogoo akawika nyuma yake. Mwanangu alitaka kuiondoa sauti ya jogoo kwa programu, nikamkataza. Faida kubwa zaidi ni kwamba mtoto ambaye kwake wajomba walikuwa majina tu ya kusalimia mwishoni mwa simu, alilazimika kuzungumza nao, kuwakumbusha, na kuwashukuru yeye mwenyewe. Rekodi za namna hii zihamishiwe mapema kwenye kompyuta na kwenye diski ya pembeni, kwa sababu ujumbe unaobaki ndani ya simu pekee hupotea pamoja na simu.

Kuhusu simu zenyewe, sipendekezi mkutano mmoja mkubwa wa video, ingawa vyombo vipo: WhatsApp huruhusu watu 32 katika simu moja ya video, na Zoom ya bure hukata mkutano ukifika dakika 40, jambo ambalo kwa familia zenye wasemaji wengi huenda ni neema. Tatizo ni kwamba katika mkutano wa ukoo mzima kila mtu husema "tunakusikia" na hakuna anayesema la maana. Mzee huonekana paji la uso na dari, mtoto wa mtu hulia, anayetoa baraka amesahau kuwasha kipaza sauti, na vijana huondoka mmoja mmoja bila kuaga. Simu fupi za mtu mmoja mmoja, zikiwa na saa zilizopangwa, humpa kila mtu nafasi ya kusema alilolibeba moyoni. Ikiwa ni lazima ukoo ukutane, basi mkutano uwe wa nusu saa, uwe na msimamizi mmoja aliye nyumbani, na mzungumzaji wa kwanza awe aliye mkubwa kuliko wote.

Ratiba hiyo iandikwe kwa saa za anayepigiwa, na ihakikiwe upya wiki moja kabla. Nchi nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini husogeza saa mara mbili kwa mwaka, ilhali nchi nyingi za Afrika na Asia hazisogezi kabisa, kwa hiyo tofauti uliyoizoea wakati wa kiangazi haitakuwa ile ile wakati wa baridi. Hata wanaosogeza hawafanyi hivyo siku moja: Marekani huanza Jumapili ya pili ya Machi, na nchi za Umoja wa Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huo huo. Mwenye ndugu India akumbuke pia kwamba huko kuna nusu saa ya ziada, na Nepal wana dakika 45. Mwenye jamaa waliosambaa kuanzia Australia hadi Kanada atapokea salamu za kwanza kabla tarehe yake haijafika mahali alipo, na za mwisho ikiwa imekwisha kupita.

Wapo wanaotaka mzazi aje kwa ndege awepo siku hiyo. Ni tamaa njema, lakini uamuzi huo unahitaji kuanza mapema kuliko mengine yote, na uanze na pasipoti kabla ya tiketi, kwa kuwa nchi nyingi hutaka pasipoti iwe bado na uhai wa angalau miezi 6. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotambua viza moja, ombi la viza ya muda mfupi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na jibu hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, ingawa linaweza kusogezwa hadi siku 45. Na hapo hujahesabu muda wa kusubiri miadi. Muulize pia mzee mwenyewe kama anaitaka safari hiyo. Wengi hukubali ili wasikuvunje moyo, kisha hukaa ndani wiki zote wakitazama dirishani huku ninyi mkiwa kazini. Ikiwa likizo na mfuko vinaruhusu, mara nyingi ni afadhali familia nzima ikaenda kwake miezi michache baadaye, hata kama tarehe imepita.

Suala la fedha halikwepeki. Anayeishi nje hudhaniwa kuwa nazo, na picha za ukumbi uliopambwa zikifika nyumbani siku ambayo mtu fulani amekuomba msaada ukamjibu huna, husomwa kama jibu la pili. Sisemi ufiche furaha yako. Ninachoshauri ni kwamba kabla ya kukubaliana bei ya ukumbi, ninyi wenye nyumba mpange kwanza kiasi mtakachotuma ili walio nyumbani nao wakae pamoja siku hiyo, kisha mkiheshimu kiasi hicho bila kukiongeza kwa shinikizo. Sisi tulifanya hivyo, tukamkabidhi dada yangu mkubwa fedha pamoja na uamuzi wote wa namna ya kuzitumia, na sikuuliza hesabu. Picha zangu nilizituma kwa wanafamilia tu, na za wageni sikuziweka hadharani, kwa sababu nao wana haki ya kuulizwa.

Sherehe ya wageni ndiyo sehemu rahisi zaidi, ilimradi mwaliko useme kila kitu. Watu uliofahamiana nao kazini, katika ibada na shuleni kwa watoto hawafahamiani wao kwa wao, na kila mmoja huja na mazoea ya alikotoka. Andika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kama watoto wamealikwa, na kama zawadi zinatarajiwa, kisha uwaulize kama kuna vyakula wasivyokula. Wanaopanga wasome mkataba wa nyumba kuhusu kelele na idadi ya watu, na jirani wa ukuta mmoja ajulishwe siku chache kabla, au aalikwe kabisa. Watu ishirini wanaokujua wanatosha. Ukumbi mkubwa uliojaa nusu humkumbusha mwenye siku wale wasiokuwepo.

Na wasiokuwepo wapo, wakiwemo ambao hakuna viza wala simu itakayowafikisha. Baba yangu ndiye aliyekuwa akinipigia alfajiri kila mwaka kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimwambia mume wangu mapema kwamba saa ile itakuwa nzito, na yeye akaamka pamoja nami, tukakaa jikoni bila kuzungumza sana mpaka simu ya kwanza ilipoita. Watoto waliotukuta hapo tuliwaeleza sababu, na hapakuhitajika hotuba.

Baada ya siku yenyewe, salamu zitaendelea kumiminika kwa wiki nzima, nyingine zikiwa na lawama za mtu aliyeachwa nje ya ratiba. Usizijibu zote kwa ujumbe mmoja wa shukrani kwenye kundi. Andika majina, gawa na mwenzi wako, na mpige simu jioni chache mfululizo, mkianza na wazee, kisha wale walionung'unika.