Fundi umeme mwenye cheti anapofika Uingereza

Ndugu zangu mafundi mlioko Tanzania, mmeniuliza kama fundi aliyesoma chuo cha ufundi cha VETA, mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji) na uzoefu wa miaka mingi, anaweza kufika Uingereza na kuanza kufunga umeme majumbani kwa kujitegemea. Nawajibu bila kuficha, nikizungumzia England tu, kwa kuwa Scotland ina utaratibu wake.

Tangu Januari 2005, umeme wa nyumba za kuishi uko chini ya kanuni za ujenzi, katika fungu liitwalo Sehemu P. Kujua kazi peke yake hakutoshi. Huulizwa pia ni nani atakayeithibitisha. Kubadilisha soketi au swichi iliyoharibika hakuhitaji kuripotiwa, lakini ukivuta sakiti mpya (njia ya nyaya inayotoka kwenye sanduku la umeme la nyumba hadi kwenye vifaa), ukibadilisha sanduku la sakiti breka, au ukiongeza nyaya kwenye sakiti iliyopo karibu na bafu, taarifa ni lazima. Fundi aliyesajiliwa na chombo kama NICEIC au NAPIT huithibitisha kazi yake mwenyewe na kuiripoti ndani ya siku 30. Asiyesajiliwa, hata awe hodari kiasi gani, kwa kawaida huarifu idara ya ukaguzi wa majengo kabla hajaanza, hulipa ada na kusubiri kukaguliwa.

Hapo ndipo nilipoumia. Nilikuwa nimekwisha kufaulu mtihani wa BS 7671, yaani kanuni za Uingereza za kufunga umeme, na ule wa vitendo, nikaamini njia imefunguka. Mama mmoja akaniomba nimvutie sakiti ya jiko la umeme, nikagundua kwamba ada ya ukaguzi ingezidi malipo ya ufundi wangu. Nilimweleza ukweli, naye akamchukua fundi aliyesajiliwa. Simlaumu, kwa sababu siku akiuza nyumba, mwanasheria wa mnunuzi ataulizia cheti cha kazi ile.

Usajili wenyewe una ada ya kila mwaka, bima, vifaa vya kupimia vilivyohakikiwa usahihi wake, na mkaguzi anayekuja kuzitazama kazi zako. Kampuni yenye mafundi wengi huugawa mzigo huo katika kazi nyingi. Fundi wa peke yake huubeba wote. Naziunga mkono kanuni hizi kwa moyo wote, kwani umeme uliofungwa ovyo huua watu wasio na hatia, lakini inaniuma kwamba gharama humwangukia anayetii, ilhali mzembe asiyeripoti chochote humaliza kazi na kuondoka. Mwaka 2013 orodha ya kazi za kuripotiwa ilipunguzwa, na hilo lilitusaidia kidogo.

Kwa hiyo, mwenye ruhusa ya kufanya kazi hapa naomba aanze kwa kuajiriwa na kampuni iliyosajiliwa, ajizoeze hasa kupima na kujaza vyeti, maana katika kazi ndogo hayo huweza kuchukua muda sawa na kufunga nyaya zenyewe. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka mitatu ndipo nikasajiliwa kwa jina langu.