Mchoro wa ukurasa wa 68 si galaksi, samahani

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nimekuwa nikiangalia picha za mswada wa Voynich, kile kitabu ambacho mpaka leo hakuna aliyeweza kukisoma. Sasa ukurasa wa 68 kuna mchoro una mikono inajikunja kama galaksi kabisa, rafiki yangu anasema ni Andromeda na kwamba mwandishi alikuwa na darubini kabla ya watu wote, mimi nimebaki mdomo wazi. Halafu mbona kuna wanawake uchi wameshika nyota? Hii michoro inasomwaje?
Mpenda Nyota

JIBU: Rafiki yako hayuko peke yake, tena kachelewa miaka 100 hivi. Mwaka 1921 profesa mmoja wa Marekani, William Newbold, alisema hivyo hivyo, kwamba kitabu kiliandikwa na Roger Bacon, yule mtawa Mwingereza wa karne ya 13, na mchoro huo ni Andromeda aliyoiona kwa darubini. Watu wakampigia makofi kweli. Ilipofika 1931 msomi mwenzake, John Manly, akaonyesha kwamba vile vialama vidogo vidogo Newbold alivyodai anavisoma ndani ya herufi vilikuwa ni nyufa za wino tu! Wino umezeeka ukapasuka, mtu akasoma humo stori nzima.

Ila hata Newbold tumwache apumzike, wewe chukua darubini uitazame Andromeda leo, utaona kiwingu cheupe kimelala ubavu basi, mikono huioni ng'o. Mikono ilikuja kuonekana 1888 Isaac Roberts alipoipiga picha kwa kuacha kamera ikusanye mwanga muda mrefu. Sasa huyo mchoraji angeionea wapi? Na ngozi ya kitabu ilipimwa umri kwa kaboni 2009 ikaonekana ni ya kati ya 1404 na 1438, Bacon ameshakaa kaburini miaka zaidi ya 100. Halafu tazama katikati ya huo mchoro, kuna kiduara kimekatwa vipande 3, kimoja kikubwa na viwili vidogo. Hivyo ndivyo Wazungu wa zama zile walivyochora dunia, Asia nusu nzima, Ulaya na Afrika wakagawana iliyobaki. Galaksi yenye ramani ya dunia tumboni mimi sijawahi kuiona.

Kwa hiyo ushauri wangu, hesabu kwanza, kusoma baadaye. Hao wanawake wako kwenye kurasa za buruji, yaani zile alama 12 za unajimu, katikati kuna picha ya samaki, ng'ombe, mizani na kadhalika, na wao wamezunguka, wengine wa mwanzoni wamesimama ndani ya mapipa, kila mmoja na nyota yake. Wahesabu. Buruji nyingi wanafika 30, na Hamali (kondoo) na Thauri (ng'ombe) zimegawanywa michoro miwili miwili yenye wanawake 15 kila mmoja, ukijumlisha unarudi 30 pale pale. Duara la anga lina digrii 360, gawa kwa buruji 12, umeshajua hiyo 30 imetoka wapi, na unajimu wa kale ulikuwa na desturi ya kuipa kila digrii picha yake. Kuna anayesema ni siku za mwezi, nayo inawezekana, ila mimi nipo upande wa digrii.

Vitu vidogo navyo vinasema. Kausi, buruji ya mpiga upinde, kwa kawaida ni nusu mtu nusu farasi, humu ni mtu mzima mwenye miguu yake miwili, kashika upinde wa kufyatua ule unaoshikwa kama bunduki. Majina ya miezi yameongezwa na mkono mwingine kwa herufi za Kilatini na yanasomeka, yako karibu na lugha za upande wa Ufaransa. Hiyo inatuambia kitabu kilipita kwa nani, si kiliandikwa na nani, watu wanachanganya sana hapo.

Na kama unataka nyota ya kweli, ukurasa huo huo wa 68 kuna mchoro mwingine wenye nyota 7 zimebanana, wengi tunakubali ni Kilimia. Mwaka 2014 Stephen Bax, mtaalamu wa isimu wa Uingereza, alipendekeza neno lililo jirani lisomeke Taurus, yaani Thauri, kwa kuwa Kilimia kiko humo. Wazo zuri, lakini sauti alizozipa herufi za neno hilo ukizipeleka kurasa nyingine maneno hayatoki.

SWALI: Mbona buruji za Jadi (mbuzi) na Dalu (ndoo) sizioni?
Msomaji mwingine

JIBU: Karatasi yake haipo, imeshatoka kitabuni. Zilizobaki ni buruji 10 kwenye michoro 12. Zote ziko bure kwenye tovuti ya maktaba ya Beinecke, chuo kikuu cha Yale, tafuta MS 408. Nyingi ni kurasa za kukunjua, kwa hiyo usishtuke ukikuta karatasi ya 72 peke yake ina michoro sita.