Bata wa Beijing mwenye ngozi laini: ulikuwa na haki ya kulalamika

Ndugu, umeuliza kama ulikosea kulalamika ulipoletewa bata wa Beijing mwenye ngozi laini kwenye mgahawa wa Kichina wa hadhi ya juu. Hukukosea hata kidogo. Ngozi ya bata huyo wa kuchomwa ndiyo roho ya chakula kile, nayo hutakiwa iwe kavu na ya kuvunjika mdomoni. Bata hupulizwa hewa ili ngozi iachane na nyama, humwagiwa maji yanayochemka, hupakwa shira ya kimea, kisha hutundikwa akauke kwa saa nyingi kabla ya kuingia tanurini. Ngozi ikivutika kama mpira, ama hakukaushwa vya kutosha, ama alichomwa mapema akapashwa moto tu ulipoagiza. Mimi nami niliwahi kuletewa wa namna hiyo: mafuta meupe yameganda chini ya ngozi, na vile vichapati vyembamba vya kufungia nyama vimekauka kingo. Iliniuma sana, maana bei ilikuwa ya bata aliyeandaliwa siku nzima.

Migahawa mingi makini hutaka bata aagizwe mapema, na humkata mbele ya mteja. Ulizia hayo mawili unapoweka nafasi. Akija hivyo tena, mwite msimamizi kabla hujaendelea kula, usingoje bili.