Baada ya mlipuko wa gesi: tuliyojifunza Embakasi

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mwendo wa saa tano na nusu, lori lililobeba gesi lililipuka mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi, kwenye kituo cha kujazia mitungi kilichokuwa katikati ya makazi ya watu. Waliojeruhiwa walizidi 270. Asubuhi yake vilitangazwa vifo vitatu, na siku zilizofuata idadi ikapanda. Dada yangu na familia yake walikuwa wapangaji huko, wakahamia kwangu usiku uleule.

Mwangalie vizuri anayesema hana neno. Shemeji alikuwa na jeraha dogo tu mkononi, anatembea, anaongea. Lakini sauti ilikuwa imekwaruza, na nilipommulika puani nikaona masizi. Hizo ni dalili za kuvuta hewa ya moto, na koo laweza kuvimba saa kadhaa baadaye hadi mtu akashindwa kupumua. Tulimkimbiza hospitali, akalazwa. Anayelalamika masikio yanavuma naye apelekwe. Jeraha la moto limwagie maji baridi ya bomba kwa dakika 20, kisha lifunike kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, ute wa yai, mafuta ya kupikia: tafadhali usipake.

Usiharakie kurudi kuchukua vitu. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mitaroni na sakafuni. Ukisikia harufu yake usiguse swichi ya taa. Ondoka kwanza.

Halafu karatasi, ambazo wengi huzipuuza kwa uchungu walio nao. Piga picha kabla ya kufagia vioo. Ripoti polisi upate namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, majeruhi aulizie fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, na kila risiti ya dawa itunzwe. Kuhusu Mradi, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, ilieleza kuwa ilikataa maombi ya kibali cha ujenzi pale mara tatu mwaka 2023. Maafisa wanne wa NEMA, mamlaka ya mazingira, wakasimamishwa kazi. Kesi za namna hii huchukua miaka, na wakili hawezi kukutetea ukimwendea mikono mitupu.

Watoto nao wana yao. Mpwa wangu alikuwa akishtuka kila mlango ukibamizwa, na usiku halali. Tulimweleza mwalimu wake wa darasa, akamtafutia mshauri nasaha. Usingoje mtoto aombe msaada huo mwenyewe.