Nyeusi ya msiba imechoka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika shairi la kumlilia kaka yangu. Nimetumia nyeusi kwa msiba, nyekundu kwa upendo na nyeupe kwa amani, ila mwenzangu aliyelisoma anasema rangi hizo zimekaa kama mapambo tu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Pole kwa msiba. Mwenzako kasema kweli. Rangi zako zimekuja na maana zilizokwisha kupikwa: msomaji akikutana na "nyeusi" anajua kuna kifo, basi hana tena la kutafuta. Na maana zenyewe hazishiki kila mahali. Kwa desturi za Wachina, nyeupe ndiyo ya maombolezo na nyekundu ndiyo ya harusi. Hata kwetu katika Kiswahili nyeupe haitulii: moyo mweupe ni sifa, lakini ukiambiwa kichwani u mweupe, umetukanwa.

Acha rangi kwanza, tafuta kitu. Kaka aliacha nini? Tuseme shati. Katika ubeti wa kwanza andika:

Shati lako ukutani, jeupe li kama jana

Kifo hakijatajwa. Pita beti mbili tatu bila kuligusa shati, kisha lirudie:

Kola yake ya manjano, nikifua wapotea

Manjano hiyo ni jasho lake. Hakuna kamusi inayosema manjano ni huzuni. Shairi lako ndilo lililoipa maana hiyo, na limeipa kwa sababu kitu kilekile kimerudi kikiwa kimebadilika. Weupe wa mwanzo nao sasa unasomeka upya: macho ya mfiwa hayakutaka kuiona ile kola.

Jambo jingine ni la ufundi, na wengi hulipuuza. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi ya zilizobaki tumeziazima kutoka kwenye vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Ukiandika "rangi ya kijani" umekula mizani (yaani silabi) sita kati ya nane za kipande kizima, nusu ya mstari wa shairi la kimapokeo, na bado hujasema kitu! "Jani" ni mizani mbili, na msomaji ataiona rangi mwenyewe. Kwenye shairi huru hubanwi na hesabu hiyo, lakini mimi hata huko neno "rangi" hulikata kila ninapoliona.

Shairi fupi halibebi rangi zaidi ya mbili. Bakiza nyeupe na manjano. Nyeusi haina kazi tena, na nyekundu ya upendo ifute bila huruma: mtu anayeogopa kufua shati la marehemu hahitaji kutuambia kwamba alimpenda.